Nusu Yangu ya Jikoni

Ijumaa, 20 Desemba

Saada amenipiga marufuku kuzungumza na wageni mpaka boti ifike kisiwani. Eti jana nilimwambia mwanamke mmoja kutoka Ulaya kwamba papa wa huku wanapenda miguu iliyopakwa mafuta ya jua, naye akapanda juu ya benchi akaikumbatia miguu yake kutoka Kismayo mpaka kisiwa cha Chovae. Saada ni binti wa marehemu dada yangu. Boti ni yake, na mumewe Ilyas ndiye nahodha. Mimi ni mzee wa boti. Kazi yangu ni kukaa mbele, kutia chambo kwenye ndoana za wageni, na kuonyesha vitu kwa kidole. Kidole hakijakatazwa. Mdomo umekatazwa, basi nitazungumza na daftari hili. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akahama, nami nikahama. Daftari halitaniuliza nukta na mkato.

Bahari imelala kama sahani. Ndio msimu wenyewe: jua kali, maji maangavu, na watu wetu waliotawanyika wanarudi kuwaonyesha watoto wao mahali walipozaliwa. Wanakodi boti, wanavua kidogo, wanazunguka visiwa, wanalia kidogo, wanarudi hotelini. Zamani visiwa hivi tulikuwa tukivizunguka kila siku na hakuna aliyetupiga picha.

Jumatatu, 23 Desemba

Familia ya kutoka Mombasa. Walitapika wote kwa zamu, kwa adabu, mkubwa kwanza.

Alhamisi, 26 Desemba

Kijana wa kutoka Uholanzi, babu yake mtu wa kisiwa cha Kudha, amevua kolekole mzuri wa kushiba watu sita. Akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini. Nikamwuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kakukosea nini?"

"Hapana, babu. Namwachia aishi."

"Umemtoboa mdomo, umemwonyesha dunia, halafu unamwambia samahani?"

Saada akanikanyaga kidole cha mguu. Ilyas aligeukia injini, mabega yanamtikisika.

Jumapili, 29 Desemba

Leo nina habari. Abdulhakim anakuja.

Lazima nieleze, maana atakayeokota daftari hili nikifa atadhani namsema malaika wa mauti. Mbele ya Chovae, upande wa bahari kuu, kuna mwamba chini ya maji unaoitwa Jikoni, kwa sababu aliyekwenda pale hakurudi bila cha kupika. Ni mdogo, kama ua wa msikiti, na juu ya maji hauonekani kabisa. Huupati mpaka uoanishe alama za nchi kavu: mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, na mistari inapokatana ndipo unapotia nanga. Babu yangu na babu yake Abdulhakim waliugombania mwamba huu mpaka wakatoleana visu kwenye arusi ya watu. Wazee wakakata shauri hivi: nyumba yetu ishike mstari mmoja, nyumba yao ishike wa pili, na kila nyumba imfundishe mwanawe tu. Anayetaka kula Jikoni ampakie mwenzake. Toka hapo hatukugombana tena, maana ukigombana unalala na muhogo mkavu.

Mstari wangu ni nguzo ya kaburi la kale pale Chovae ikikaa sawa na ncha ya... sitaandika. Saada anajua kusoma.

Wake siujui. Nilijaribu kuuiba tangu ndevu hazijaniota. Nilikuwa namvizia macho, nione yanatua wapi. Naye mjanja. Alikuwa akitazama mawingu, akitazama kitovu chake, akiimba nyimbo za arusi kwa sauti ya mbuzi, halafu ghafla anasema, "Basi, tupa." Na chubwi, ile risasi ya mshipi, likigonga jiwe anacheka mpaka boti inayumba.

Mwaka wa vita alimpakia mkewe na watoto kwenye mashua akashika njia ya kusini. Mombasa, kisha kambini, kisha Ulaya. Siku ile alinishika bega akasema, "Usiende Jikoni bila mimi." Nikamwambia, "Nitakwendaje, mwizi we, na nusu umeitia kichwani?" Ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana uso kwa uso. Tangu hapo nimeufuata mstari wangu mara nyingi nikitupa chubwi kama kipofu anayepapasa kitanda. Mchanga. Mchanga tena.

Jumamosi, 4 Januari

Kashuka kwenye ndege na bakora mkononi na koti zito, jua hili. Tukatazamana.

"Umebakiza meno mangapi?" akaniuliza badala ya salamu.

"Yanatosha kukuuma."

"Mimi ninayo yote. Ya Ulaya."

Akayachomoa akanionyesha, askari wa uwanja wanatazama. Kisha tukashikana. Sikulia. Yeye ndiye aliyelia begani kwangu, nami nikalia kidogo begani kwake asije akaona haya peke yake.

Amekuja na binti yake Iman, aliyeondoka hapa mgongoni mwa mamake na sasa ana mvi mbili tatu. Kanivuta pembeni. "Ami Mzamil, daktari alimkataza ndege. Moyo wake si mzima. Nimemleta kwa vile amening'ang'ania, na tumekubaliana ni mara ya mwisho. Mwisho wa Shaabani tunarudi, na baada ya hapo hatapanda ndege tena. Anasema hataki kitu ila kula Jikoni. Ni mkahawa gani huo?"

Nikamwambia ni mkahawa mzuri, tatizo lake mlango una funguo mbili.

Jumanne, 7 Januari

Kutwa tumekaa barazani kwangu tukihesabiana maiti. Fulani? Kafa. Fulani? Kafa. Yule kengeza? Yu hai, anauza simu. Tukafurahi sana juu ya kengeza.

Alhamisi, 9 Januari

Tumekwenda, na ningekuwa na akili ningekaa nyumbani.

Saada hakupakia mgeni mwingine. Tulikuwa yeye, Ilyas, mimi mbele, Abdulhakim nyuma karibu na injini, pale pale alipokuwa akikaa zamani, na Iman anamshika kanzu asianguke. Tukatoka nje ya visiwa. Kule nje wimbi ni jingine, refu, linakuinua polepole kama mtu anayekupima uzito. Nikaupata mstari wangu. Nikasema, "Wangu umekaa. Wako?"

Nikageuka kumvizia, mazoea. Hakuimba. Hakutazama mawingu. Alikuwa ameikodolea macho bara, waziwazi, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Mbele," akasema. "Mbele kidogo. Hapana. Rudi."

Ilyas akarudi.

"Tupa."

Nikatupa. Mchanga.

"Mbele tena."

Mchanga. Mara ya tatu nikaona upole wake umezidi, na mimi upole wa Abdulhakim siuamini. Nikadhani ananificha. Kisha nikadhani amesahau, na hilo likaniuma zaidi. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ulaya wamekuosha kichwa na sabuni." Ilyas akacheka. Saada akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Abdulhakim hakujibu. Nimemjua toka tukitembea uchi, sijapata kumwona akikosa jibu. Akainama akatapika, uso ukageuka rangi ya majivu, na Iman akapiga kelele boti igeuzwe.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekwenda kumjulia hali. Iman kanipokea mlangoni.

"Baba amelala, ami."

"Nitamngoja aamke."

"Ameamka. Anasema amelala."

Daktari wa hapa naye kamkataza bahari ya nje. Akitaka maji, basi yale ya ndani ya visiwa, yaliyotulia. Maana yake Jikoni haendi tena, hata akikumbuka.

Jumatano, 15 Januari

Wageni wa arusi, wanawake watupu, ngoma na halwa. Nilikatazwa kugeuka nyuma. Shingo inaniuma.

Jumapili, 19 Januari

Boti imejaa tena. Kila mgeni anataka samaki mkubwa. Saada ananiambia, "Mjomba, kama huko Jikoni kupo kweli, mngenionyesha mara moja tu. Nabonyeza simu, inakumbuka mahali milele." Nikamwambia ndiyo maana hatukuonyeshi.

Kupo kweli. Ananiuliza kama kupo kweli.

Jumatano, 22 Januari

Hakuna. Joto. Abdulhakim bado "amelala".

Ijumaa, 24 Januari

Baada ya swala ya Ijumaa nasikia bakora, tok, tok, mlangoni. Akaingia bila hodi, akakaa, akatazama birika langu jikoni kama kwamba ndilo alilokuja kulitembelea.

"Ulikuwa mti," akasema.

"Nini kilikuwa mti?"

"Mstari wangu, mpumbavu. Mgunga. Mkubwa, umesimama peke yake kule bara. Ukiuweka juu ya jabali jeupe la pwani, huo ndio mstari. Sasa umejua. Babu anisamehe."

Yaani kitu nilichokitafuta maisha yangu yote, nilichomvizia macho kwa ajili yake, kilikuwa mti wa miiba uliosimama wazi mbele ya kila mtu.

"Siku ile nilitazama, jabali nikaliona," akasema. "Juu yake mbingu tupu."

"Kwa nini hukusema pale pale botini?"

"Ningesemaje haupo bila kusema ni mti?"

Nikaona jinsi alivyobanwa. Siri alikuwa ameihifadhi miaka yote kwenye nchi za baridi, akaja nayo nzima, na haikuwa na kitu ndani. Na hata kulalamika hakuweza, maana kulalamika kungemfichulia mwizi mkubwa, ambaye ni mimi.

"Wameukata," nikasema. "Bara yote wameikata. Mkaa. Magunia yalikuwa yakipita hapa kama mchwa."

Akainama. Alikuwa anatazama makaa chini ya birika. Mimi nami nikayatazama. Huenda kwa miaka mingi nimekuwa nachemshia chai mstari wa Abdulhakim.

"Inywe hiyo chai," akasema mwisho. "Isije ikapotea bure."

Tukanywa na mkate wa mofa. Nikamwambia, "Yale maneno ya sabuni."

"Yalikuwa mazuri," akasema. "Kama nisingekuwa natapika ningecheka."

Jumatatu, 3 Februari

Abdulhakim anataka akitafute kisiki cha mti wake, lakini bara si mahali pa kwenda kupunga hewa siku hizi. Ilyas kazungumza na wakubwa wa kituo cha askari, wamekubali twende mchana, tukiandamana na askari wao mmoja. Iman kakubali pia, kwa vile ni maji ya ndani. Nimempa Abdulhakim kofia yangu ya ukili. Kaivaa kinyume kusudi.

Jumamosi, 8 Februari

Nilidhani tutaona kisiki kimoja. Ni vingi kama makaburi. Ardhi nyeupe, jua, visiki, mpaka macho yanapochoka.

Askari aliyepewa kutusindikiza akaniuliza, kwa heshima ya Kisomali anayopewa mzee, "Adeer, mnatafuta nini hapa?"

"Mti."

"Hapana mti hapa."

"Huo huo."

Abdulhakim akapita kisiki kwa kisiki, anavigonga kwa bakora kama mwalimu anayeita majina. Huyu siye. Huyu mdogo. Huyu mjinga tu. Iman nyuma na mwavuli. Mwisho akafika kwenye kisiki kipana kama sinia la arusi, kichuguu ubavuni, akapiga magoti. Akapapasa, akatia kidole kwenye tundu.

"Baba alipigilia msumari hapa wa kutundika kiriba cha maji. Nilikuwa nimemshikia."

Nikatia kidole na mimi. Msumari umo, kutu tupu, umezama ndani ya mti kama jino. Tukakaa juu ya kisiki migongo ikigusana, mimi nikitazama visiki, yeye baharini.

"Kukisimamishwa kitu hapa," akasema, "utaniona kutoka kule?"

"Kitu kama nini?"

"Kitu kirefu chenye kichwa kibaya."

"Nitakuona."

Alhamisi, 13 Februari

Naandika mkono ukininuka samaki na sitaki kunawa.

Asubuhi tuliwashusha bara Abdulhakim na Iman, pamoja na askari wetu, boriti ndefu ya mkoko, na turubai la rangi ya chungwa tulilolifunga juu yake. Pale ni mwamba na vumbi, boriti haikusimama yenyewe. Ilyas akasema abaki aishike yeye. Abdulhakim akasema hapana, mstari ni wa nyumba yao. Iman akasema ataishika yeye, kwani si binti wa nyumba ile? Babake akamtazama kwa muda. "Wewe utaishika siku nyingine," akasema. "Leo ni mimi."

Kabla ya kupanda boti nikakusanya simu zote nikazitia kwenye kikapu cha Iman.

"Mjomba, ningebonyeza mara moja tu," Saada akasema.

"Kikapuni."

Tukatoka watatu. Wimbi refu. Nikaupata mstari wangu, nikamwambia Ilyas aufuate polepole na asizungumze. Kisha nikaitazama bara. Jabali jeupe lile, kama ukucha. Na upande wa kulia wake kitu kidogo cha rangi ya chungwa, na chini yake doa jeupe la kanzu, wima.

"Mjomba," Saada akasema, "unaimba nini?"

Sikujua kama naimba. Nilikuwa naimba nyimbo za arusi, zile zile zake.

"Naficha," nikamwambia.

"Unamficha nani?"

Rangi ya chungwa ikasogea taratibu kuelekea jabali. Ikaligusa. Ikapanda juu yake ikatulia, sawasawa, kama kilemba juu ya kichwa.

"Basi," nikasema. "Tupa."

Chubwi likashuka, likashuka, likagonga jiwe. Kwenye mshipi kugonga jiwe si kama kugonga mchanga. Mchanga unanyamaza. Jiwe linakupa mkono.

Ilyas akatia nanga. Sikuwa nimekaza mshipi vizuri alipokuja chewa wa kwanza, mnene, mwenye hasira, anavuta kuingia pangoni mwake kama mpangaji anayefukuzwa. Kisha changu. Kisha kolekole wawili kwa pamoja, mmoja kwangu mmoja kwa Saada. Saada ambaye hukasirika wageni wakipiga kelele alikuwa anapiga kelele. Kila kitu kilikuwa kama zamani, hata harufu. Nikageuka nyuma kumtania aliyekaa karibu na injini.

Alikuwa Ilyas.

Nikakunja mshipi. Saada akasema bado wapo, mjomba, bado wapo wengi. Nikamwambia najua. Kuna mtu amesimama juani.

Tulipofika ufukweni Iman alikuwa amekasirika mpaka anasema lugha ya Ulaya. "Amekataa kukaa. Yule askari kamletea jiwe akalie, kakataa. Anasema mgunga haukai."

Abdulhakim alikuwa bado kashika boriti, jasho linamtiririka, kofia yangu kinyume. Nikambeba yule chewa kwa mikono miwili nikampandia kilimani, napumua kama punda. Nikamwekea miguuni.

"Ulitikisika," nikamwambia.

"Upepo."

"Ulituchelewesha."

"Na wewe ulikwenda kushoto mno mwanzo. Nilikuona." Akamtazama samaki. Akamgusa jicho kwa kidole. "Chini kukoje?"

"Kama ulivyokuacha."

"Kumbe kumeharibika," akasema, na hapo ndipo alipoiachia boriti na kukaa.

Ijumaa, 14 Februari

Saada kampika chewa wa kupaka kwa nazi. Kichwa kaachiwa Abdulhakim. Kayatoa meno ya Ulaya, kayaweka kando ya sahani, akakila kichwa kwa ufizi, polepole, mpaka mifupa ikawa inang'aa. Alipomaliza akasema chumvi ilipungua.

Alhamisi, 20 Februari

Abdulhakim na Iman wamekwenda bara tena na askari wawili. Wameijengea boriti mawe kuizunguka, kiunoni kwa urefu. Iman ndiye aliyebeba mawe. Babake alikuwa anayachagua.

Jumatano, 26 Februari

Wameondoka. Uwanjani hakunichezea meno.

"Boriti imekaa vizuri," akasema. "Itasimama miaka. Mistari yote miwili unayo sasa. Mpakie nani unayemtaka, hata kengeza."

"Nitampakia kengeza."

"Haya."

Akanishika bega. Nikangoja. Nilijua neno linalofuata kushikwa bega, nimeishi nalo tangu mwaka wa vita. Nikangoja alitamke. Hakulitamka. Akanipapasa bega kama unavyompapasa mbuzi uliyemuuza, akaenda na Iman, na bakora yake tok, tok, mpaka nikawa siisikii.

Alhamisi, 27 Februari

Saada kaniletea chakula. Sikula.

Ijumaa, 28 Februari

Leo ilikuwa safari ya mwisho ya msimu, Ramadhani hiyo imeingia mlangoni. Wageni walikuwa wachache. Tulipowashusha Chovae nikamwambia Ilyas anivushe bara mara moja, nimesahau kitu.

"Umesahau nini bara, mjomba?"

"Mti."

Yule askari akanisindikiza tena, safari hii hakuuliza. Nikapanda kilimani. Turubai lilikuwa linapigapiga. Kweli alikuwa ameikaza boriti, mkaidi yule, ikabidi niyaondoe mawe moja moja na mgongo unalia. Kisha nikaikumbatia boriti nikaitikisa mpaka ikatoka. Ilyas alidhani nimepata wazimu. Kisiki nakijua, ndiyo, na msumari naujua. Lakini mzee ana haki ya kusahau anachotaka.

Kurudi nikamwambia Saada anishikie simu, nikasema ndani yake: "Abdulhakim, mti wako umekatwa tena. Nimeukata mimi. Jikoni hakuendeki. Njoo usimame."

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa pili. Bahari tupu, boti imeegeshwa, Ilyas anaipaka rangi.

Saada kaja na simu, kaiweka sikioni kwangu. Sauti ya Abdulhakim, mbali, na nyuma yake Iman anamwambia akae chini. Kasema, "Mwizi we. Iweke pakavu isiliwe na mchwa." Kisha kimya. Nikadhani amekata. Halafu akasema, "Usiende bila mimi."

Boriti nimeiweka chini ya kitanda changu. Ni ndefu, inatokeza miguuni. Leo nikienda msikitini alfajiri nimejikwaa nayo, nikaitukana kwa jina la Abdulhakim, nikaikumbuka saumu, nikanyamaza.